Kibuyu cha Vidonge

Saa ile ya mkononi ilikuwa na mshale mwekundu wa kuhesabia sekunde, na kwa ajili ya mshale huo nilijiona mtu mkubwa Handeni nzima. Vingine nilivyokuwa navyo ni darasa la saba na baiskeli ya kijiji isiyo na breki ya nyuma. Nilihesabu mapigo ya moyo ya kila chenye uhai. Nilihesabu ya mbuzi. Nilihesabu ya jogoo aliyefungwa miguu akingojea mgeni wa mwenyekiti, na jamani, moyo wa jogoo huwezi kuumaliza. Nilimshika hata katibu wa kijiji mkono siku aliyokuwa amekasirika, akaunyakua akasema, "Mimi si mgonjwa, bwana. Mimi ni katibu." Nilikuwa naota kwamba siku moja nitaunda redio ya kunasa mioyo, mtu akae zake Kwedizinga, afungulie, amsikie mgonjwa wa Misima anavyodunda.

Nacheka nikikumbuka. Halafu sicheki tena.

Miaka mitatu imepita, na wapo wanaoniambia niache, yameshakwisha. Kwangu hayajakwisha. Naandika nikiwa na hasira ileile, na sikuiweka ndani ipoe.

Shangazi yangu ndiye aliyenilea. Moyo wake ulikuwa na kasoro tangu nipate akili. Unakwenda vizuri, unakwenda vizuri, halafu unakosea, kama mtwangaji aliyeteremsha mchi ukapiga ubavu wa kinu. Kosa hilo likimpata shambani anakaa hapohapo kwenye tuta, mkono kifuani, macho yanatazama mbali. Likimpata jikoni anakaa chini mwiko ukiwa mkononi. Hakuwa mtu wa kulalamika. Alikuwa anasema neno moja tu, "Umeshuka." Moyo ukirudi mahali pake alisema, "Haya," akaendelea kusonga bada lake la unga wa muhogo. Mimi nikiwa mtoto nilikuwa nahesabu kimya kati ya "umeshuka" na "haya", nikiogopa siku ambayo "haya" haitakuja.

Tulipohamishiwa kijiji cha Ujamaa, nyumba zilipangwa mistari miwili, na jirani yetu wa ukuta kwa ukuta akawa mwanamke mjane aliyezaliwa kambini kwenye mkonge, baba yake mkata mkonge aliyekuja kutoka mbali na hakurudi kwao. Sisi Waislamu, yeye Mkristo. Sisi Wazigua, yeye alikuwa anasema, "Mimi kabila langu katani." Kwa umri alikuwa bibi yangu, nami nikamwita bibi, naye akaniita mume wangu, kama ilivyo desturi ya bibi na mjukuu. Moyo wake nao ulikuwa unaruka. Yeye na shangazi walikutana kwa ugonjwa wao kama watu wengine wanavyokutana kwa ukoo.

"Wako umeshuka mara ngapi leo?" bibi anauliza juu ya ua.

"Mara nne."

"Mimi sita. Nimekushinda. Nipe chumvi."

Basi akaja daktari. Alikuwa mwenzetu, kijana bado, amesoma ng'ambo, na sasa anafanya kazi hospitali moja upande wa Korogwe. Alishuka kwenye Landrova na mashine ya kuchora moyo. Ilifungwa betri ndani ya ofisi ya kijiji, watu wakapanga foleni, na kila mtu akatolewa moyo wake kwenye karatasi ndefu yenye milima milima. Waliokutwa milima yao haikupangika walikuwa kumi na wanne, karibu wote wanawake. Shangazi namba saba. Bibi namba nane.

Daktari akasema kuna dawa mpya ya kupanga mapigo ya moyo, imetoka ng'ambo, nao wanataka kuona inafaaje kwa watu wetu. Akatafuta mtu wa kuandika. Mwalimu akanisukuma mbele kwa sababu tarakimu zangu zilisimama wima. Nikapewa saa, daftari na maagizo: kila mgonjwa ana kopo lake lenye namba, kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni. Kila wiki nihesabu vidonge vilivyobaki, nihesabu mapigo, niandike.

"Makopo yote ni sawa?" niliuliza.

"Yanafanana," daktari akasema.

Angalieni jibu hilo. Mimi niliondoka na furaha yangu, nikidhani nimejibiwa.

Sasa, kijiji chetu kilikuwa na sheria ambayo tulifundishwa mkutano baada ya mkutano mpaka watoto wakaicheza: kinachoingia kijijini kinagawanywa. Ikija sukari inagawanywa. Yakija majembe yanagawanywa. Alileta mtu khanga sita kwa kaya zaidi ya hamsini, na watu walikaa siku nzima wakitafuta namna. Mtu wa kula peke yake alikuwa na jina, na jina hilo lilikuwa baya.

Wiki ya tatu, wagonjwa wangu wakaanza kutazamana. Huyu moyo umetulia, yule wake uko vilevile. Shangazi alikuwa ametulia. Bibi alikuwa vilevile.

"Kopo lako limekaa mjini," bibi akamwambia shangazi. "Langu limetoka porini kama mimi."

Shangazi hakucheka. Alikosa raha kabisa. Kesho yake asubuhi, kabla ya kwenda shamba la pamoja, akatungua kibuyu cha kuwekea mbegu, akakifuta ndani kwa kitambaa, akamimina vidonge vyake vyote. Bibi akamimina vyake. Jua lilipopanda kidogo wale kumi na wawili waliobaki nao wakawa wamemimina. Tangu siku hiyo, asubuhi na jioni, shangazi alitikisa kibuyu akatoa, kila mtu kidonge kimoja, chochote kitakachotoka. Hakuna mwenye kopo zuri wala mwenye kopo baya.

Na mimi nilikuwapo. Nilishika kifuniko. Niliona ni jambo zuri kupita yote niliyowahi kuona, machozi yakanilengalenga. Mwisho wa wiki nilihesabu vidonge vya kibuyu, nikavigawa kwa kumi na wanne, nikajaza kila namba sehemu yake. Hakikupotea hata kimoja. Nikaandika: sahihi.

Wakaenda hivyo miezi mitatu. Hakuna aliyepona kabisa, hakuna aliyezidiwa. Shangazi akawa anakaa kwenye tuta mara mbili badala ya tano. Bibi naye mara mbili. "Tumetoka sare," alisema.

Mwezi wa tatu nikapanda lori kwenda Korogwe kupeleka daftari. Pale Segera tulisimama, dereva akanunua machungwa, akaniona nimejishika mkono natazama saa. "We mganga," akasema, "nipime na mimi, moyo wangu umepasuka kwa muuza machungwa yule." Nikampima kweli. Nilikuwa na furaha ya namna hiyo.

Daktari alifungua daftari akalisifu. Namba safi. Nami, kwa kupenda sifa, nikamweleza siri ya usafi wake.

"Kibuyu gani?" akauliza.

Nikamweleza kibuyu. Nikamweleza na kutikisa. Aliweka kalamu mezani taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

"Mmeharibu," akasema. "Miezi mitatu. Yote. Mmeharibu."

Ndipo akaniambia. Nusu ya makopo yalikuwa na dawa. Nusu nyingine yalikuwa na unga ulioshindiliwa ukafanana na dawa. Wagonjwa hawakutakiwa kujua, mimi sikutakiwa kujua, na yeye mwenyewe hakujua namba ipi ni ipi. Orodha ilikuwa ng'ambo. Ndivyo dawa inavyopimwa, alisema, la sivyo mtu anajiona mzima kwa sababu amepewa kopo.

"Kwa hiyo mlitudanganya," nikasema.

"Hatukudanganya. Hatukusema."

Sijui masikio yangu yalikuwa yanafanya nini, yalikuwa yanawaka. Nikawaona wale akina mama wakipokea unga kwa mikono miwili, wakisema bismillahi, wakimeza.

"Kama dawa mnaijua ni nzuri, kwa nini hamkuwapa wote?"

"Hatujui kama ni nzuri. Ndugu yangu, elewa. Dawa inayopanga moyo ndiyo hiyohiyo inayoweza kuusimamisha. Bila kupima tutajuaje?"

"Na hilo la kusimamisha mlilisema lini?"

Akanitazama. Hakuwa mtu mbaya, na hilo linanikasirisha zaidi kuliko kama angekuwa mbaya. "Tungelisema," akajibu, "nani angekunywa?"

Mwezi uliofuata Landrova ilikuja kuanza upya. Nilikuwa nimeapa njia nzima kwamba nitasema kila kitu mbele ya mkutano. Nilisema nusu. Nilimlazimisha daktari aeleze habari ya unga, akaieleza, watu wakaguna. Katibu aliuliza kama unga ni wa sembe au wa dona, watu wakacheka. Kisha daktari akasema dawa yenyewe inaweza kuleta "usumbufu kidogo". Nikamtazama. Akanitazama. Nikanyamaza.

Nilinyamaza kwa nini? Kwa sababu kibuyu kinaachwa, na kila mtu sasa atakunywa kopo zima peke yake, na mimi nilikuwa nimeshajiaminisha kwamba kopo la shangazi ndilo la dawa. Alitulia yeye kwanza, si ndiyo? Nilitaka apate dawa kamili, siyo nusu ya kugawana na watu. Nimeyaandika hayo hapa ili nisijifiche nyuma ya daktari.

Daktari alitaka kiapo. Huko kwetu kiapo si maneno ya kupitisha muda. Waislamu waliapa kwa msahafu, bibi na wenzake wawili kwa Biblia, kwamba hakuna atakayempa mwenzake kidonge. Shangazi akarudisha kibuyu kwenye mbegu. Makopo mapya yakatolewa, namba zilezile, lakini yaliyomo yamechanganywa upya huko ng'ambo.

Mimi nilijua baada ya siku kumi. Hakuna aliyeniambia. Vidole viliniambia. Mkono wa shangazi ulirudia hali yake ya zamani: mbili, tatu, umeruka, moja, umeruka. Mara nne kwa siku, mara sita. Unga. Mkono wa bibi, ukiushika, ulikwenda kama cherehani ya fundi asiye na haraka. Pigo, pigo, pigo. Sijawahi kushika moyo uliopangika namna ile. Nikaandika: vizuri sana.

Bibi alilima matuta mawili wakati wengine wanalima moja. Alikuwa anapita mlangoni ananyoosha mkono kama bibi harusi anayevishwa bangili. "Mume wangu, njoo umpime mkeo. Ngapi leo?"

"Sabini."

"Na jana?"

"Sabini."

"Basi jiandae. Nimekuwa msichana, nitakuacha."

Lakini hakuweza kuvumilia kumwona shangazi akikaa chini. Jioni moja alikuja na nusu kidonge kwenye jani la mgomba. Alikikata kwa kisu cha kumenyea mihogo.

"Meza," akasema.

"Nimeapa," shangazi akasema.

"Kiapo hakilimi shamba."

"Na wewe umeapa."

"Mimi nitajibizana na Mungu wangu, ananijua, tumezoeana. Meza, we mwanamke!"

Shangazi akamrudishia jani. Hawakusemeshana siku mbili, na ilikuwa mara ya kwanza tangu wajuane. Bibi akanijia mimi: "Mtilie kwenye uji, mume wangu." Nikakataa. Kwa nini nilikataa? Kwa sababu nilikuwa na mpango wangu mwenyewe, mbaya kuliko wake. Yeye alitaka kugawana. Mimi nilitaka kubadilisha makopo.

Siku ya kuhesabu, makopo yote kumi na manne yalikuwa mezani kwangu, watu wote shamba. Namba zilikuwa zimeandikwa kwenye karatasi zilizobandikwa kwa gundi. Nililowanisha kitambaa. Nililainisha karatasi ya saba mpaka pembe ikaachia. Nikashika ya nane. Nikasikia kutoka shambani kicheko cha bibi, kicheko chake kile cha kukatika katikati kama amesahau kitu, na mkono wangu ukakataa. Nikabandika tena pembe kwa ugali. Nikasema nitafanya wiki ijayo.

Wiki ijayo haikufika. Siku ya nne yake, asubuhi jua likiwa limeshapanda, tulikuwa wote shamba la kijiji tunapalilia mahindi. Bibi alikuwa mstari wa pembeni yangu, ametangulia. Alikuwa anamtania mwenyekiti juu ya jembe lake, kwamba linaogopa udongo. Akanyamaza katikati ya neno. Nilipogeuka alikuwa ameshalala kifudifudi kwenye tuta, jembe likiwa limesimama peke yake.

Nilimgeuza, nikamshika mkono, nikatazama saa. Mshale mwekundu ukazunguka. Ukazunguka tena. Ulizunguka mara tatu au nne, na mimi nimeinamisha kichwa nangojea kuhesabu moja.

Shangazi alifika, akapiga magoti. Akanitoa vidole vyangu kwenye mkono ule kimoja kimoja.

Tulimzika kesho yake. Waliimba wenzake wa kanisani, na sisi tulichimba.

Daktari alikuja baadaye na fomu. Aliitandaza juu ya meza yangu ileile. Palikuwa na mstari wa mgonjwa aliyetoka kwenye majaribio, na sababu zilikuwa tatu za kuchagua: amehama, amekataa, hakuendelea.

"Andika hakuendelea," akasema. Sauti yake ilikuwa chini. "Alikuwa mtu mzima, moyo wake ulikuwa mbovu. Hatujui kama ni dawa."

"Kopo lake lilikuwa la nini?"

"Sijui. Nilikwambia, hata mimi nimefichwa."

Sasa mtu kama huyo umfanye nini? Nilitaka wa kumgombeza, nikapewa mtu asiyejua. Anayejua ni orodha, na orodha imefungiwa kwenye kabati nchi ambayo siwezi hata kuitaja vizuri jina. Nikamwambia, "Mimi najua. Nilimshika mkono kila wiki. Kopo lake lilikuwa la dawa, na lilifanya kazi yake vizuri kabisa, lilipanga mapigo mpaka yakaisha." Akasema hilo ndilo hasa wanalotaka kujua, ndiyo maana ya kupima, na kwamba watu wengi watapona kesho kwa sababu ya leo. Labda. Sipingi. Watu wa kesho nawatakia afya. Ila mwanamke aliyenyoosha mkono aliambiwa ni usumbufu kidogo.

Nilichukua kalamu. Sikuchagua sababu hata moja. Nilipitisha neno moja juu ya zote tatu, kutoka pembe mpaka pembe, kwa tarakimu zangu za wima zilizogeuka herufi: AMEKUFA. Chini yake nikaandika: akilima shamba la wote. Nikavua saa nikaiweka juu ya fomu.

"Saa ungebaki nayo," daktari akasema.

"Sina cha kuhesabu."

Aliposhika mlango nikamwambia jambo la mwisho, na ndilo hasa linaloniamsha na hasira mpaka leo. Nilimwambia ile miezi mitatu aliyosema tumeiharibu, kila mtu alikuwa anakunywa dawa kidogo na unga kidogo, na hakufa mtu. Akaanza kunieleza kwamba hiyo haithibitishi kitu. Najua. Nimesoma mpaka la saba, lakini hilo naliweza. Haithibitishi kitu. Hakufa mtu.

Makopo yaliyobaki waliyachukua yote siku hiyo, la shangazi pia.

Nilimwambia shangazi jioni, mbele ya jiko, kwamba nilijua tangu Korogwe kwamba dawa inaweza kusimamisha moyo. Na kwamba nilinyamaza kwa ajili yake. Nilidhani atanipiga, na ningefurahi. Aliendelea kuchambua mboga ya mchunga, jani moja, jani moja.

"Kama tungegawana," akasema. Basi. Hakuniambia neno lingine kwa muda wa mwezi mzima isipokuwa njoo ule. Juu ya ua hakukuwa na wa kuuliza umeshuka mara ngapi. Nilimsikia mara moja akijibu mwenyewe, kwa sauti ya kawaida tu, "Tano."

Moyo wake bado unaruka. Bado anakaa chini kwenye tuta. Juzi alikaa, mkono kifuani, nami nikaacha jembe nikamshika kifundo cha mkono bila kufikiri, kwa mazoea. Nikatazama mkono wangu mahali saa ilipokuwa, pana ngozi tu. Nikabaki nimeshika. Mbili, tatu, umeruka. Moja. Umeruka.

"Unaandika wapi?" akauliza.

"Siandiki."

"Basi niachie mkono wangu," akasema, akainuka. "Haya."